Vijiti Nilivyovihamisha

Kikombe kilikuwa kimebanwa kwenye jiliwa, nami nilikuwa napunguza ukingo wake kwa tupa, upande wa ndani wa goti, pale mgonjwa wangu alipolalamika jana kwamba panamfinya.

Kikombe ndivyo tunavyoiita pale karakana ile sehemu ya juu ya mguu wa bandia, inamoingia kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki. Kazi yake ina kanuni moja. Sikuisomea mahali, niliipata kwa kutazama mikono ya watu. Penye nyama unabana, penye mfupa unaachia. Mguu ukibana nyama, mtu huvumilia. Ukibana mfupa, atauvua autupe chini ya kitanda, na hutamwona tena.

"Taratibu," akasema mwenye kigutu, aliyekaa kwenye benchi kando yangu. "Mimi nilikunyoa miezi kumi na minne sikukukata hata mara moja."

"Ulinikata sikioni."

"Ile si kukata. Ile ni sahihi ya fundi."

Akacheka hadi magongo yake yakaanguka. Nikainama kuyaokota ili asiuone uso wangu.

Huyo ndiye Kinyozi. Mguu uliokuwa ukiendelea kutoka kwenye kile kigutu, mimi ndiye niliyeuondoa, ingawa kisu alishika daktari.

Wewe uliyekuwa nami tangu wiki ya kwanza unayajua haya, nivumilie. Wewe uliyeingia leo, shika machache.

Jeshini waliniita Sikio. Nilikuwa natangulia mbele ya wenzangu na fimbo ya kutafuta mabomu yaliyofukiwa, spika zimefunika masikio, nasikiliza ardhi. Nilipopita palikuwa salama. Nyuma yangu nilichomeka vijiti vyeupe kulia na kushoto, na wenzangu wakapita katikati.

Kisha lori letu likalipukiwa. Sikutoka hata tone la damu. Lakini sikio la kulia lilikufa, na la kushoto likapoteza sauti zote nyembamba, zile za mbu. Na bomu dogo lenye chuma kidogo hulia kama mbu.

Walinipima. Muuguzi alikaa nyuma ya kioo akibonyeza kitufe, nami niliambiwa niinue mkono kila nikisikia. Sikusikia kitu. Ila nikaona kwamba kila akibonyeza, bega lake linapanda kidogo. Nikawa nainua mkono kwa kulitazama bega. Nikafaulu. Ningewaambia nini wenzangu? Sikio asiye na sikio ni nani?

Siku kumi na moja baada ya lile lori, nikasafisha njia ya kwenda kisimani. Kinyozi alikuwa wa pili, nyuma yangu tu, kama kawaida yake. Akakanyaga katikati ya njia yangu.

Nilimbeba hadi kwenye gari, na kwa kumbeba nikapewa nishani. Gari lilipoondoka, nikarudi peke yangu kuchukua fimbo yangu. Hakuna mwingine aliyethubutu kukanyaga pale. Afisa wa kupima na kupiga picha za tukio alikuwa hajafika. Nikang'oa vijiti vitatu vya upande wa kushoto, nikavichomeka hatua moja ndani. Shimo likabaki nje ya njia.

Ripoti ikaandikwa: askari alitoka nje ya njia iliyokaguliwa, kwa uzembe wake mwenyewe. Chini yake, sahihi yangu.

Wiki iliyopita niliishia pale mlango wa karakana ulipofunguliwa, na mgonjwa mpya akaingizwa kwa kiti cha magurudumu, mkewe akisukuma. Tulikuwa hatujaonana miaka miwili. Akanitazama, akapiga ukelele: "Sikio! Mbwa wewe, bado u hai?" Akanikumbatia na kulia begani kwangu.

Tangu siku hiyo nimemtengenezea mguu siku tisa. Hii ni ya kumi.

*

"Nyie wanaume wawili mkimaliza kuposana," akasema Mama Fundi kutoka upande wa pili wa karakana, "naomba mguu uvikwe mwenyewe."

Mama Fundi ndiye mkuu wetu. Ni mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mikono iliyojaa makovu ya plastiki ya moto. Wagonjwa wenye vyeo vikubwa humwamkia kabla hajawaamkia.

Nikafuta vumbi la plastiki kwenye kikombe, nikamvisha Kinyozi soksi ya kigutu, nikamwingiza, nikafunga mikanda. Akasimama kati ya vile vyuma viwili vya kushikilia. Chini, kwenye sakafu ya saruji, umepakwa mstari wa rangi ya njano wenye urefu wa hatua kumi na mbili.

Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu akaganda.

Jasho likamtoka usoni kama mtu aliyemwagiwa maji. Vidole vikabana chuma.

"Niko ndani?" akauliza.

"Ndani ya nini?" akasema Mama Fundi.

"Ya mstari."

"Uko katikati kabisa."

"Una hakika?"

"Baba, nina macho."

"Hata mimi nilikuwa nayo," akasema Kinyozi.

Tukamkalisha. Mama Fundi akapiga magoti, akapima urefu, akakagua unyayo, akapitisha kidole kwenye ukingo nilioupunguza. Akanitingishia kichwa kwamba kazi ni nzuri. Kisha akabaki amechuchumaa, akiutazama ule mguu kama mtu anayesoma barua.

"Mguu hauna kosa," akasema. "Kigutu kimepona, nyonga ina nguvu. Hapa kuna kitu cha tatu, na si cha kupigiwa tupa."

Akainuka kwenda stoo.

Kinyozi akanisogelea. "Unajua nyumbani natembeaje? Mke wangu anatangulia. Mimi na magongo nafuata, naweka gongo pale alipokanyaga yeye. Tukiwa sebuleni! Kwenye zulia!"

"Pole, ndugu yangu."

"Udongo ndio sikanyagi kabisa. Pale uani kwenu, kutoka wodini kuja hapa, nafumba macho mpaka kiti kifike kwenye saruji." Akacheka kidogo. "Na kunyoa nimeacha. Hilo sijakwambia."

Tupa ikanitoka mkononi, ikagonga sakafu. Sote wawili tukaruka. Tukatazamana. Hakuna aliyecheka.

"Umeacha kwa nini?" nikauliza. "Kunyoa hakuhitaji mguu. Utakaa kwenye kiti kirefu."

"Kunahitaji kichwa. Sikiliza. Siku ile mimi nakumbuka nilikuwa katikati. Nakumbuka vijiti, hiki huku, hiki huku, na kisigino chako mbele yangu. Nakumbuka kama ninavyokuona. Halafu picha nimeonyeshwa. Shimo liko nje. Sasa kama macho yangu yaliniambia niko katikati, na nilikuwa nje, yataniambia nini siku nimeshika wembe kwenye shingo ya mtoto wa mtu?"

Nikaokota tupa.

"Kwa hiyo kesho nawaambia ile bodi ya jeshi na madaktari wake, inayopitia ripoti yangu, waandike tu," akasema. "Kwamba kichwa hakiko sawa. Wakiandika, nitapumzika. Mtu akishajua ni kichaa, hasumbuki tena kubishana na picha."

"Wewe si kichaa."

"Wewe ulikuwepo, Sikio. Uliona nimetoka nje. Ulitia sahihi. Mimi sikulaumu, ulisema ulichokiona." Akanipiga gotini. "Ila usinidanganye."

*

Saa sita mkewe akaja na chakula. Humletea mumewe bakuli, na tangu siku ya pili huniletea na mimi langu. Huniwekea kubwa zaidi. Hilo la bakuli kubwa, msomaji, limenitesa kuliko ndoto zote nilizokusimulia mwezi uliopita.

Alinivuta hadi kwenye korido, karibu na makabati ya faili.

"Shemeji, nina neno. Kesho saa tatu bodi inakaa. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kuomba ripoti ipitiwe upya. Yeye amekasirika, anataka kuifuta. Nimekataa."

"Uliandika nini?"

"Niliandika kwamba mume wangu hakutoka nje ya njia. Wakaniuliza, mama, wewe ulikuwepo? Nikawaambia sikuwepo, lakini huyu mtu aliwahi kumnyoa baba yangu umeme umekatika, kwa mwanga wa kibatari, na mstari ulinyooka kama umepigwa rula. Mtu huyo hapotei kwenye njia iliyochomekewa vijiti kulia na kushoto."

"Wakasema nini?"

"Wakacheka." Akajifuta mkono kwenye khanga. "Wanataka shahidi. Shahidi ni wewe peke yako."

Nikatazama makabati.

"Sikuombi useme uongo," akasema, akipunguza sauti hadi ikabidi nimgeuzie sikio la kushoto. "Sema tu vumbi lilikuwa jingi. Moshi. Ulikuwa umechanganyikiwa, rafiki yako anavuja damu, hukuona vizuri vijiti viko wapi. Nani atakulaumu? Wewe uliyembeba mgongoni! Sema huna hakika. Hilo tu. Hawataweza kuandika uzembe kama shahidi hana hakika."

Umeona mlango ulivyofunguka? Maneno matatu, "sina hakika tena", na Kinyozi anasafishwa, nami nabaki na nishani yangu na bakuli langu. Hakuna anayeumia.

"Nitasema," nikamwambia.

Akanishika mikono yote miwili, akaiinamia kama mtu anayepokea kitu kizito.

"Mungu akuweke, shemeji. Mtoto wetu wa pili, akija, ataitwa kwa jina lako."

Nilikula chakula chake hadi mwisho. Ningekiacha, angeuliza kwa nini.

*

Mchana kulikuwa na utulivu. Kinyozi alirudishwa wodini kulala kidogo. Mimi nikarudi kwenye jiliwa kulainisha ukingo kwa msasa.

Sikujua kwamba Mama Fundi amesimama karibu yangu hadi aliponizunguka na kuja upande wa kushoto.

"Nimekuita mara nne," akasema.

"Samahani, Mama. Msasa una kelele."

"Msasa hauna kelele. Nimekuwa nikikuita upande wa kulia kwa mwaka mzima, na mwaka mzima hugeuki. Leo nilitaka kuhesabu." Akavuta kigoda, akakaa. "Sikio hilo limekufa tangu lini?"

"Zamani."

"Faili lako ninalo. Lililetwa ulipoajiriwa. Linasema ulitoka jeshini na masikio mazima yote mawili."

"Faili limekosea."

"Limekosea, au limedanganywa?"

Nikapuliza vumbi kwenye kikombe, ingawa halikuwepo.

Mama Fundi hakuwa na haraka. Ni mtu wa kupima mara tatu kabla ya kukata. Akaondoa miwani, akaifuta, akairudisha.

"Humo kwenye faili kuna lori lenu lililolipukiwa. Ilikuwa lini?"

"Siku kumi na moja kabla ya Kinyozi kuumia."

"Na njiani ni wewe uliyekuwa ukisikiliza."

Nikarudi kwenye msasa.

"Anajua?"

"Hajui."

"Mkewe?"

"Hajui."

Nikangoja anifukuze kazi. Nilitaka anifukuze, ningepata mahali pa kwenda nje ya pale. Badala yake akachukua kikombe kutoka kwenye jiliwa, akakigeuza kwenye mwanga.

"Mwanangu, mimi si hakimu. Ningekuwa kijana, nimezungukwa na wenzangu wananiita Sikio, sijui ningefanya nini kwenye kipimo cha masikio. Sijui. Lakini miguu naijua, miaka ishirini na sita. Hiki ulichotengeneza ni kizuri kuliko changu. Na yule mtu hatakitembelea, kwa sababu hana pa kukikanyagia."

Akakirudisha.

"Kinyozi anakuja saa tisa kujaribu tena," akasema. "Mimi nitakuwa stoo. Stoo ina mlango mzito."

Angalia nilivyo, msomaji. Hata yeye nilimwambia nusu. Habari ya sikio alishaiona mwenyewe. Ya vijiti nikaimeza, na ikateremka vizuri, kama kawaida yake.

*

Saa tisa Kinyozi akaletwa na mhudumu wa wodi. Nikamvisha mguu. Akasimama kati ya vyuma. Mama Fundi akakumbuka kwamba kuna skrubu anazitafuta, akaenda stoo, akafunga mlango.

"Mke wangu amekuomba kitu," akasema Kinyozi kabla hata hajainua mguu.

"Nani kakwambia?"

"Nimeoa miaka tisa. Akinyamaza wakati wa kula, kuna mtu kaombwa kitu. Amekuomba ukaseme huna hakika."

"Ndiyo."

"Usiende kusema uongo kwa ajili yangu, Sikio. Nakuomba. Watu wote wananihurumia, wananiambia labda hivi, labda vile. Wewe peke yako uliandika wazi. Neno lako naliamini kuliko macho yangu mwenyewe. Ukiligeuza, nitashika nini?"

Nilikuwa nimepiga magoti, naukaza mkanda wa nyuma ya goti lake. Nikasema nikiutazama mkanda.

"Sikio langu lilikuwa limekufa siku ile."

"Unasemaje?"

"Tangu lori. Kulia hakuna kitu. Kushoto sauti nyembamba hazisikiki. Nilimdanganya muuguzi kwenye kipimo. Njia ya kisimani niliisafisha bila kusikia. Bomu lililia, naamini lililia, sikulisikia."

Nikangoja ngumi. Nilikuwa mahali pazuri pa kupigwa.

Mkono wake ukashuka, ukatua kichwani kwangu.

"Miaka miwili unatembea na hili?" akasema. "Mjinga wewe. Nani hakudanganya daktari pale? Mimi nilificha mgongo. Yule dereva alificha kifafa, tukampa na usukani! Tungesema ukweli wote, wangebaki wapishi peke yao."

"Kinyozi..."

"Nyamaza. Ilikuwa vita. Hukulifukia wewe lile bomu." Akanivuta nisimame, akanikumbatia, chuma kikiwa katikati yetu. "Nimekusamehe. Umesikia? Nakuambia upande ulio mzima: umesikia?"

"Nimesikia."

Akacheka huku analia. Nami nikacheka. Ningeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi, nami ningekuwa mtu mwema ndani yake. Nilikuwa nimesema, nimesamehewa, nimekumbatiwa. Ni nani huongeza chumvi kwenye chakula kilichokwisha kukolea?

Kinyozi akajifuta uso, akashika vyuma, akageukia mstari.

Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akaganda.

"Niko ndani?" akauliza.

"Uko ndani."

"Unaona?" akasema polepole. Yale machozi ya furaha yalikuwa bado mashavuni. "Hata hivyo haibadilishi kitu. Wewe hukusikia, sawa. Lakini mimi bado nilitoka nje. Bomu lile lilikuwa nje ya vijiti. Hata ungekuwa na masikio ya popo, mimi ndiye niliyelifuata huko. Picha ipo."

Nikaelewa basi kwamba msamaha aliokuwa amenipa ulikuwa wangu peke yangu. Yeye haukumfaa chochote. Alikuwa amenibeba mgongoni, akabaki yeye kule shimoni.

"Vijiti nilivihamisha," nikasema.

Hakugeuka.

"Gari lilipokuchukua, nilirudi. Afisa alikuwa hajafika. Niliving'oa nikavisogeza ndani."

Bomba kule kwenye sinki lilikuwa linadondoka. Hilo naliona tu, silisikii. Niliona tone likijaa, likikatika.

"Vingapi?" akasema.

"Vitatu."

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Kiasi gani?"

"Hatua moja."

Akatingisha kichwa kidogo, kama mtu anayepanga vitu kwenye rafu. Akahesabu kwa midomo. Nilijua anachofanya: alikuwa anavirudisha, kimoja kimoja.

"Kwa hiyo kijiti kilikuwa huku," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Na hiki huku. Na kisigino chako mbele."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nilikuwa katikati."

"Katikati kabisa. Ulikanyaga nilipokanyaga mimi. Mimi lilinikosa."

Akavuta pumzi ndefu hadi nikadhani anaanguka. Nikanyoosha mkono kumshika.

"Usiniguse," akasema.

Akaachia chuma cha kulia. Akaachia cha kushoto. Mikono ikabaki hewani.

Akatembea. Hatua ya nne, ya tano. Mguu wangu, namaanisha ule niliomtengenezea, ukapiga saruji juu ya rangi ya njano, ukapiga tena, mahali pake. Ya nane. Hakutazama chini. Ya kumi, ya kumi na mbili. Alipofika mwisho wa mstari akageuka, kwa shida, akayumba, akasimama wima, akanitazama toka upande ule wa chumba.

Sijawahi kutazamwa hivyo. Afadhali ile ngumi.

Hapo ndipo nilipoona kivuli mlangoni. Mkewe. Ana chupa ya chai chini ya kwapa, mkono mdomoni.

"Umetembea," akasema. "Baba, umetembea! Bila kushika! Nimeona kuanzia pale mpaka hapo!"

Chupa ikaanguka, hakuiangalia. Nilidhani atamkimbilia mumewe. Akanikimbilia mimi. Akanirukia shingoni, akanizungusha, akapiga kigelegele mpaka Mama Fundi akafungua mlango wa stoo.

"Shemeji! Umemwokoa mara mbili!" Alikuwa ananipiga mgongoni kwa ngumi za furaha. "Mara mbili! Kule ulimbeba, na hapa umemsimamisha! Nikulipe nini mimi? Mama Fundi, mtazame huyu mtu! Mtazame!"

Mama Fundi alinitazama. Kisha akamtazama Kinyozi, na uso wake ukabadilika, kwa maana aliona kwamba kuna zaidi ya lile alilolijua.

Kinyozi alikuwa amejishusha kwenye benchi. Akafungua mikanda, mmoja mmoja, bila haraka. Akatoa kigutu. Akausukuma mguu juu ya meza ya kazi hadi ukanifikia.

"Unafinya," akasema. "Ndani ya goti. Bado."

"Nitapunguza," nikasema upesi. Mikono ilikuwa tayari imeushika, tayari inautafuta ukingo. "Milimita mbili tu. Kaa hapo, nitamaliza sasa hivi, kesho utaingia nao kwenye bodi."

Nikaubana kwenye jiliwa. Nikachukua tupa. Kazi humsitiri mtu.

"Weka chini," akasema Kinyozi.

"Ni dakika kumi."

"Mguu utangoja kesho. Sijui hata kama nitauvaa. Mke wangu hangoji." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida kabisa, ile ya kumwambia mtu ainamishe kichwa wembe upite. "Mama watoto, hebu muulize shemeji yako. Kesho mbele ya bodi anakwenda kusema nini?"

"Si nimekwisha kuzungumza naye?" Akanigeukia, bado anahema kwa furaha, khanga imemtoka begani. "Atasema vumbi lilikuwa jingi. Si ndiyo, shemeji?"

Nikaweka tupa chini.

"Shemeji," nikasema, "kaa kwanza."

"Nikae? Leo?" Akacheka, akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akamtazama tena mumewe. "Mume wangu katembea, halafu mimi nikae? Sikai! Sema, nimesimama."

Akasimama, mikono kiunoni, anatabasamu, anangoja.